Zawadi Haziongezi Utamu wa Gemu

Siku hizi imekuwa kama sheria: gemu isiyo na levo za kupanda, sarafu za kukusanya na silaha za kufungua inachosha. Vijana wanalisema hilo, na watengenezaji wamelishika kiasi kwamba hata gemu ya kupanga matunda kwenye simu inakutaka uingie kila siku usije ukapoteza zawadi yako. Imani hiyo ni ya uongo, tena ina madhara. Zawadi haziongezi utamu. Zinakufanya uendelee kucheza utamu ukishakwisha.

Ingia kibanda chochote cha gemu Dar es Salaam, jioni, watoto wakishatoka shule. Pedi zimechakaa, raba ya kidole gumba imelika hadi plastiki. Wanacheza mpira, mechi ya kawaida, dakika chache kila kipindi. Aliyefungwa anampisha anayesubiri. Hakuna anayepanda levo, na mechi ikiisha mashine haimdai wala haimpi mtu kitu. Lakini tazama wanavyoruka bao likiingia dakika ya mwisho! Kinachowaweka pale ni mpinzani aliyekaa ubavuni, anayejua kwamba ukifika pembeni lazima upige krosi, na leo amekuwekea beki palepale. Kesho utakuja na hila nyingine. Maendeleo yapo, tena makubwa, ila yako vidoleni na kichwani mwa mchezaji.

Sasa tazama upande wa pili wa gemu hizo hizo za mpira. Tangu 2009 gemu ya FIFA ilikuwa na Ultimate Team: unakusanya wachezaji kwa kufungua pakiti usizojua ndani yake mna nani, na ukitaka nyingi unalipia. Mwaka 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia kamari ilisema pakiti za namna hiyo, zikinunuliwa kwa fedha, ni kamari. Januari 2019 kampuni ya EA, iliyokuwa ikitengeneza gemu hiyo, ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia pakiti. Ile mechi ya kawaida haijawahi kuhitaji msimamizi wa kamari.

Watetezi wa zawadi wananiudhi zaidi wanaposema kwamba safari ndefu ya kufungua vitu ndiyo raha yenyewe. Mwaka 2017, gemu nyingine ya EA, Star Wars Battlefront II, ilipokaribia kutoka, wachezaji walipiga hesabu wakaona kukusanya sarafu za kumfungua mhusika Darth Vader kungewachukua saa 40 hivi za kucheza. Walikasirika, na EA ikapunguza bei yake kwa asilimia 75. Kama saa hizo zilikuwa starehe, mbona watu walidai zipunguzwe? Na mbona makampuni yanauza njia ya kuzikwepa? Sijaona mtu akilipa ili aepushwe na sahani ya pilau.

Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1973 unafaa kukumbukwa hapa. Watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora, wakachora, wakapewa. Siku zilizofuata, walipoachwa wajichagulie la kufanya, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Walikuwa wamefundishwa kwamba kuchora ni kazi ya kulipwa. Gemu zetu zinawafundisha wanetu somo hilohilo kuhusu kucheza.

Simaanishi kila unachopata ndani ya gemu ni ulaghai. Katika Metroid ya 1986, ukipata uwezo wa kujiviringisha unapita kwenye vijia vyembamba ulivyokuwa ukivitazama tu. Mchezo wenyewe umepanuka. Katika Tetris, iliyobuniwa Moscow mwaka 1984, levo ikipanda vipande vinashuka kwa kasi zaidi, yaani unachopewa ni ugumu, na watu bado wanairudia. Ninachokipinga ni ujira: nambari inayoongezeka ili usione kwamba unarudia jambo lilelile.

Makampuni yatajibu kwa takwimu za wanaoingia kila siku. Takwimu hizo zinahesabu walioingia tu, akiwamo yule anayefungua simu usiku wa manane, anabofya zawadi ya siku, anaifunga bila kucheza. Waziondoe zawadi zote kwa mwezi mmoja, kisha wahesabu waliobaki. Nambari hiyo watuonyeshe.