KURA ZA WAJUMBE ZIHESABIWE MBELE YA WAJUMBE

Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba kumteua mgombea wa wadi ni jambo dogo, la kumalizwa barazani baina ya Alasiri na Magharibi, na kwamba shughuli hasa yangojewa siku ya uchaguzi. Rai hiyo hatuiafiki. Mpiga kura huchagua katika majina aliyowekewa, na majina hayo yamekwisha kuchujwa ukumbini na watu wachache. Ukumbi ukiharibika, sanduku halitengenezi kitu.

Mfano tulio nao watoka mbali, katika mji wa Minneapolis, huko Marekani. Chama chenye nguvu mjini humo ni DFL, yaani chama cha Kidemokrasi cha Wakulima na Wafanyakazi, kilichozaliwa kwa muungano wa vyama viwili mwaka 1944. Desturi yao ni kwamba wanachama hukutana kwanza mitaani mwao wakachagua wajumbe. Kisha wajumbe hukusanyika katika mkutano wa mji mzima, na mgombea apatae asilimia 60 ya kura zao ndiye apewaye idhini ya chama. Asiyeipata hakatazwi kusimama. Lakini aliyeipata hujinadi kwa jina la chama, na kwa nguvu za wanachama wake.

Tarehe 19 Julai 2025 wajumbe hao walikutana kumwidhinisha mgombea wa umeya. Duru ya kwanza ilipigwa kwa mitambo ya elektroniki. Aliyetangulia alikuwa Omar Fateh, seneta wa jimbo na mwana wa wahamiaji wa Kisomali. Akafuatiwa na Meya Jacob Frey. Mchungaji DeWayne Davis akaambiwa kura zake hazikutosha, akatolewa. Saa zikapita, wajumbe wakachoka, wengi wa upande wa Meya wakatoka nje. Na mwishowe Fateh akaidhinishwa kwa wajumbe waliobaki kuinua vitambulisho vyao juu.

Rufaa zikapelekwa. Siku 33 baadaye, tarehe 21 Agosti, kamati ya chama ya jimbo ikaifuta idhini ile. Ilionekana kwamba kura 176 hazikuhesabiwa katika duru ya kwanza, na kwamba Davis alitolewa kwa makosa. Tawi la mji likawekwa chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Upande wa Fateh ukalalamika, na malalamiko yao si ya kupuuzwa, kwamba jambo lililoamuliwa na mamia ya wajumbe hadharani limevunjwa na watu wachache faraghani. Uchaguzi ulipofika tarehe 4 Novemba, hapana aliyekuwa na idhini ya chama katika kugombea umeya, na Frey akashinda.

Sisi hatumo katika ugomvi wao, wala hatusemi nani alistahili. Tutazamacho ni kwamba hapana mtu aliyehitaji kuiba. Ulitosha uzembe wa hesabu, na uchovu, na milango iliyoachwa wazi watu wakitoka bila ya yeyote kuwahesabu waliosalia. Na ambaye angetaka kuiba, je, angetamani siku nzuri kuliko ile?

Asije mtu akatuambia kwamba kura chache si kitu. Wazee wa visiwa hivi waijua Chake Chake ya Januari 1961, ambako kiti kilipotea na kiti kilipatikana kwa kura moja tu. Kura ile ingalikwenda upande wa pili, Baraza lisingaligawika 11 kwa 11, wala usingaliitishwa uchaguzi wa Juni mwaka ule ule, ambao ghasia zake ziliua watu 68.

Basi twaiomba Halmashauri yetu, kabla ya Mkutano wa uteuzi kufunguliwa, ibandike mlangoni orodha ya wajumbe wa kila tawi, ili asiyekuwamo aseme mapema na si baada ya kushindwa. Idadi ya waliomo ukumbini isomwe kabla ya kila duru, si ya kwanza peke yake. Kura ziwe za karatasi na za siri, zifunguliwe mezani mbele ya wajumbe, na kila mgombea awe na mtu wake wa kutazama. Mitambo hatuichukii, ila karatasi yaweza kuhesabiwa mara ya pili, ilhali mkono ulioinuliwa ukishushwa hauachi alama.

Rufaa nayo iwe na muda wake, tuseme siku saba, na wenye kuisikiliza watajwe kabla ya kura kupigwa, wakati hapana ajuaye nani atashinda. Hilo la mwisho ndilo tulionalo kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo baadhi ya wakubwa wetu hawalipendi. Sababu yao hatujaisikia.

Makatibu wa matawi ambao hawajaleta majina ya wajumbe wao wayalete afisini wiki hii, yameandikwa kwa wino na kutiwa sahihi na wanachama wawili wa kamati ya tawi.