Sahani ya Wawili, Jasho la Wengi

Wasomaji wangu, msinicheke mkiona mtu aliyefunzwa alifu kwa kijiti chuoni leo ashika kalamu kuandika juu ya muziki wa roki. Suala la uhalali wa ala nawaachia mashekhe. Mimi nina neno jingine kifuani.

Mwaka 1994 Jimmy Page, mpiga gitaa, na Robert Plant, mwimbaji, walitoa sahani iitwayo No Quarter. Waingereza hawa walikuwa wa bendi ya Led Zeppelin, iliyovunjika mwaka 1980 alipokufa mpiga ngoma wao, John Bonham. Kanda yake niliipata Mombasa nikiwa kijana, nikaitia redioni kwa shere tu. Ulipofika wimbo wa "Kashmir" nikanyamaza. Fidla zile, na ngoma zile, mbona nazijua! Ni za Misri, kisima ambacho taarab yetu imekichota tangu enzi za Sayyid Barghash, kama wazee wanavyotusimulia. Aliyewaongoza Wamisri hao ni Hossam Ramzy, mpiga ngoma mzaliwa wa Cairo, aliyefariki mwaka 2019. Wimbo wenyewe, uliotoka kwanza mwaka 1975, hapa umerefuka ukapita dakika 12, na sitaki upunguzwe hata moja.

Kisha wakaenda Marrakech, wakapiga pamoja na Wagnawa. Hawa ni Waislamu ambao asili yao ni Waafrika waliovushwa Sahara utumwani. Wana gambusi lao la nyuzi tatu na matoazi ya chuma. (Wimbo wa "Yallah" haukunipendeza, ingawa jina lake kila mtoto wa Pwani analijua.)

Sasa tazama jalada. Majina ni mawili, Page na Plant. Ramzy na wenziwe utawakuta ukifungua ndani. Na yuko mwengine: John Paul Jones, mwenzao wa Led Zeppelin, hakualikwa kabisa, hali wimbo wa "No Quarter" ulioipa sahani jina ni mmoja katika watungaji wake watatu! Mtu huondolewaje karamuni, kisha karamu ikaitwa kwa chungu chake?

Najua nitaambiwa kwamba wapigaji walilipwa. Sawa, ujira wamepata. Lakini ukiziondoa fidla za Cairo, "Kashmir" hiyo yarudi kuwa ile ya zamani, na hakuna haja ya sahani mpya. Jina la Ramzy lilistahiki kukaa mbele, kando ya yale mawili.

Labda nasema kwa uchungu wangu. Miaka mingi nyuma nilimpa mwimbaji mmoja shairi la beti tano. Likaimbwa kwenye harusi mtaani kwetu, akatuzwa, na kipaza sauti kikatangaza kuwa maneno ni yake. Mamangu alikuwa kitako uwani na wanawake wenziwe. Aliporudi usiku aliniuliza, "Wale si vina vyako?"