Askari Hutoa Hesabu kwa Nani?

Ukitaja polisi mbele ya wanafunzi wa Kitui au Makueni, mjadala huwaka mara moja, na mara moja hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hushikilia kwamba askari wetu ni wabaya kwa sababu hula rushwa. Upande wa pili huwatetea, ukisema kwamba ni watu wema waliochoshwa na mshahara mdogo na nyumba mbovu. Pande hizi hushindana mpaka kengele ikalia, na kila upande una haki kidogo. Lakini zote mbili huzungumza juu ya tabia ya askari, wala hakuna unaozungumza juu ya wakubwa wake. Nathubutu kusema kwamba tabia ni sehemu ndogo ya jambo hili. Askari mwema akiamriwa uovu atautenda na kujiita mtiifu. Askari mbaya akijua kwamba watu anaowalinda wanaweza kumwita na kumhoji, atajizuia hata asipopenda. Kwa hiyo raia mwenye akili hana budi kuuliza kwanza: askari huyu hutoa hesabu ya kazi yake kwa nani?

Wengi hudhani kwamba polisi wa Kenya waliumbwa kwa mfano wa polisi wa Uingereza, kwa kuwa Waingereza ndio waliowaleta. Dhana hiyo si kweli. Huko Uingereza kwenyewe, ukiacha jiji la London ambako Robert Peel aliunda polisi mwaka 1829 chini ya waziri wa serikali, polisi wa mashambani walikuwa wa kaunti. Sheria ya mwaka 1839 iliziruhusu kaunti kuunda vikosi vyao, na Wiltshire ikawa miongoni mwa zilizotangulia. Sheria ya mwaka 1856 ikazilazimisha zote. Kila kaunti ilikuwa na mkuu wake wa polisi, naye alikwenda mbele ya mahakimu wa kaunti ile ile kueleza jinsi alivyotumia fedha zao. Nisieleweke vibaya. Mahakimu wale walikuwa mabwana wenye mashamba makubwa, na mara nyingi walichotaka ni mtu wa kumkamata maskini aliyetega sungura katika msitu wa tajiri. Haki haikushuka kutoka mbinguni juu ya Wiltshire. Hata hivyo kiti cha kuulizia kilikuwa kimekwisha wekwa, na kiti kikiwapo, siku moja mwenye kukikalia aweza kubadilishwa. Mwaka 1888 madiwani waliochaguliwa na watu walipewa nusu ya viti katika kamati ya polisi ya kaunti, na mahakimu wakabaki na nusu yao.

Lakini Waingereza walikuwa na polisi wa aina ya pili, na hao waliwaweka Ireland, nchi waliyoitawala kwa nguvu. Peel huyo huyo, miaka kumi na mitano kabla ya kuwapa watu wa London askari wasio na bunduki, alikuwa ameunda huko Ireland mwaka 1814 kikosi cha kuzima fujo. Kufikia mwaka 1836 karibu Ireland nzima ilikuwa na jeshi moja la polisi lililoamriwa kutoka Dublin. Askari wake walibeba bunduki, waliishi kambini, na hawakuruhusiwa kufanya kazi katika kaunti walikozaliwa. Diwani wa Ireland hakuwa na la kuwauliza. Makoloni mengi yalipohitaji polisi, aina hii ya pili ndiyo iliyopakiwa melini.

Tazama jinsi ilivyoingia Ukambani. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati yake mwaka 1888, ilikuwa na walinzi wa bohari na wa misafara, na kituo chake cha Machakos kilifunguliwa mwaka 1889. Serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi mwaka 1895, walinzi wa bohari wakageuka askari wa dola. Reli ikaanza kujengwa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu, nayo ikataka ulinzi wake. Nchi ilipofanywa koloni mwaka 1920, jina likawa Polisi wa Kenya. Bohari, reli, boma: hivyo ndivyo vitu vilivyolindwa. Mama wa Mutomo aliyeibiwa mbuzi hakuwamo katika orodha.

Wala asidhani mtu kwamba kabla ya hapo Wakamba walikuwa kundi lisilo na mchungaji. Mkamba hakuwa na mfalme, lakini mashauri ya utui yaliamuliwa na wazee wa nzama, na mhalifu sugu aliyewashinda wote alingojewa na king'ole, hukumu ya watu wote, ambayo mwisho wake ulikuwa kifo. Siitetei king'ole, nami sitaki irudi. Wako watu waliouawa kwa tuhuma za uchawi tu, na hilo ni dhuluma. Nataka mwanafunzi aangalie sharti lake moja: ndugu wa karibu wa mshtakiwa alipaswa kuridhia kwanza. Hata upanga mkali kuliko yote uliokuwapo Ukambani haukuinuliwa bila ya kuulizwa jamaa wa yule aliyetaka kupigwa.

Sasa nakuja kwa jambo ambalo wateteaji wa askari wa nyumbani hulipita kimya kimya. Wako watu wasemao, 'Tupeni polisi Wakamba, nasi tutapona.' Basi, tuliwahi kupewa. Sheria ya mwaka 1902 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kuweka wazee wa vijiji waliotii serikali, na wazee hao pamoja na machifu wakahitaji matarishi wa kukusanya kodi ya nyumba na kuwatoa watu kwenda kazini. Mwaka 1929 matarishi wa wilaya walipangwa kwa sheria wakaitwa Polisi wa Kikabila. Mwaka 1958 jina likageuzwa, wakawa Polisi wa Utawala, hao tunaowaita AP. Hawakuwa wageni. Waliandikwa katika wilaya zao, walisema lugha ya mama zao, walijua njia za mkato kutoka kijiji hadi kijiji na nyumba ambamo mwenye deni la kodi aweza kujificha. Ujuzi huo wa nyumbani haukumnufaisha mwananchi, ulimnufaisha D.C., kwa sababu askari wale walitoa hesabu kwake yeye peke yake. Mwenyeji asiyeulizwa na wenyeji ni mkali kuliko mgeni.

Matunda ya utawala wa namna hiyo yalionekana mwaka 1938. Serikali iliamua kwamba ng'ombe wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilijumuisha Makueni, wamezidi na wanaharibu ardhi. Ikatuma askari wake, ng'ombe wakatwaliwa na kuuzwa kwa bei ya kudhulumu. Hapakuwa na baraza ambalo mwenye ng'ombe angeweza kumwita mkubwa wa askari na kumtaka maelezo. Basi watu walifanya lile lililobaki. Maelfu kadhaa, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi wakapiga kambi huko kwa majuma, wakitaka kumwona Gavana. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukaachwa. Wengi hutembea leo katika barabara ya Nairobi yenye jina lake bila kujua kwamba ni jina la mtu aliyehamishwa kwa kudai hesabu.

Uhuru ulipofika, katiba ya mwaka 1963 ilijaribu kugawa uwezo. Kila jimbo lilipewa kikosi chake ndani ya polisi wa taifa. Majimbo hayo yalivunjwa mwaka 1964, na jaribio likafa kabla halijafundisha mtu lolote. Kwa karibu nusu karne iliyofuata amri ilitoka Nairobi, kama zamani, bendera tu ikiwa nyingine.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mengi. Iliunda Huduma ya Taifa ya Polisi chini ya Inspekta Jenerali mmoja, ikiwakusanya humo Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala. Na mwaka 2018 maelfu ya AP walihamishiwa upande wa Polisi wa Kenya. Katika kaunti yuko kamanda. Chini yake wako makamanda wa kaunti ndogo, kisha OCS wa kila kituo. Mpango huu wanafunzi wanaujua. Wasichokijua wengi, na hata baadhi ya walimu wao, ni kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Kifungu hicho kinaagiza kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana, au mjumbe wa serikali yake aliyemteua. Ndani yake wamo wakubwa wa polisi wa kaunti, wawakilishi wawili kutoka bunge la kaunti, na wananchi wasiopungua sita: wa biashara, wa dini, wa wanawake, wa wenye ulemavu, wa mashirika ya kijamii, na wa vijana. Kazi yao ni kupendekeza uhalifu upi ushughulikiwe kwanza, kuangalia jinsi fedha za polisi wa kaunti zinavyotumika, na kupeleka kwa Inspekta Jenerali habari za kazi iliyofanywa na isiyofanywa. Hicho ndicho kiti cha kuulizia. Wiltshire walikipata mwaka 1839. Sisi tulikipata katika karatasi mwaka 2011. Serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013, na kwa miaka mingi baada ya hapo, katika sehemu kubwa ya Kenya, kiti hicho kilibaki katika karatasi ile ile.

Hasara ya jambo hili si ya vitabuni. Mwaka 2015 bunge la kaunti ya Makueni lilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga. Anayeishi nje ya Ukambani aweza kucheka, ati sheria ya mchanga! Lakini mchanga wa Thwake na Kaiti ndio unaohifadhi maji wakati wa kiangazi. Malori yakiubeba usiku kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi, mama anayechimba kisima mtoni hukuta mwamba mkavu. Mwaka 2018 Kitui nayo ilipiga marufuku biashara ya makaa, ili miti yake isimalizike. Haya ni maamuzi ya watu wenyewe juu ya maji yao na miti yao. Sasa niambie: lori likipita saa nane za usiku, ni nani atakayelisimamisha? Kaunti ina askari wake wa kukagua leseni na masoko, lakini mwenye uwezo kamili wa kukamata ni polisi, na polisi amepangiwa kazi yake mahali pengine. Kama mchanga haumo katika mambo aliyoagizwa kuyatanguliza, sheria ya Makueni ni wino tu. Nenda mashariki na kaskazini ya Kitui, ambako wakulima na wafugaji wa ngamia wamegombana miaka mingi na watu wameuawa: huko kuchelewa kwa gari la polisi si usumbufu, ni msiba. Kaunti hiyo ina watu 1,136,187 kwa hesabu ya mwaka 2019, na eneo lake linazidi kilomita za mraba 30,000. Ni nani aliyekaa na ramani akaamua vituo viwe wapi, na ni nani kati ya wakazi wa Tseikuru au Mutha aliyeulizwa?

Mjomba wangu mmoja aliibiwa ng'ombe watatu. Alikwenda kituoni, akaandikishwa katika kitabu cha matukio, akapewa namba ya OB, kisha akaambiwa atafute fedha za mafuta ya gari. Mjomba hakuwa nazo. Nimehadithiwa kisa kama hicho na wanachuo wangu kutoka sehemu mbalimbali, hata sitaji kituo, maana si cha kituo kimoja. Kijana mwenye kadi ya OB isiyo na jibu hujifunza somo baya kuliko lolote tunaloweza kufuta ubaoni, na siku mwizi akishikwa sokoni, kijana huyo ndiye anayetafuta tairi la kumchomea.

Wapinzani wana hoja, na hoja zao si za kudharauliwa. Wanasema kwamba gavana akipewa polisi atawatumia kuwapiga washindani wake. Hofu hiyo ni ya haki, nami ninayo. Ndiyo maana sidai polisi wa gavana, wala Katiba hairuhusu kaunti kujiundia polisi. Ibara ya 247 inalipa Bunge uwezo wa kuunda huduma nyingine ya polisi, na hata hiyo itakuwa chini ya Inspekta Jenerali. Ibara ya 245 inakataza mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali juu ya nani achunguzwe au nani akamatwe. Mamlaka ya Kaunti haiwezi kusema, 'Mkamate fulani.' Yaweza kusema, 'Mwaka huu wizi wa mifugo uliandikwa mara ngapi, na kesi ngapi zilifika mahakamani?' Anayeogopa swali la pili kwa kisingizio cha kuliogopa neno la kwanza ana jambo analolificha. Wengine husema mambo ya usalama ni siri. Mbinu ya kumtega jambazi ni siri; fedha za mafuta si siri, wala idadi ya magari yaliyoharibika yakioza nyuma ya kituo si siri, maana kila mpita njia anayaona.

Kwa hiyo mjadala wa shule ukifika tena, ningependa hoja ibadilishwe. Waacheni rushwa na mshahara kwa saa moja. Mwandikieni karani wa bunge la kaunti yenu, kwa heshima na kwa mwandiko safi, mkiuliza kama Mamlaka ya Polisi ya Kaunti imeundwa, mara ya mwisho ilikutana lini, na taarifa yake iko wapi. Ulizeni pia ni nani anayekalia kile kiti kimoja ambacho sheria ya mwaka 2011 imewawekea vijana.