Jaji Wright na Saini Yake

Mnamo Februari 1870 Bunge la jimbo la South Carolina, nchini Marekani, lilimchagua Jonathan Jasper Wright kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kupata cheo hicho katika jimbo lolote la nchi ile. Miaka mitano tu kabla ya hapo, watu weusi wengi wa South Carolina walikuwa bado watumwa.

Wright alizaliwa Pennsylvania mwaka 1840, naye hakuwa mtumwa. Alisoma sheria kwa mawakili, lakini watahini walikataa hata kumsikiliza. Mwaka 1865 akaenda Beaufort, South Carolina, kuwafundisha waliotoka utumwani. Sheria ya Haki za Raia ilipopitishwa mwaka 1866 alirudi kwao, akatahiniwa, akawa wakili wa kwanza mweusi wa Pennsylvania. Kisha akaenda Beaufort tena, na mwaka 1868 akashiriki katika kutunga katiba mpya ya South Carolina.

Mahakama ilikuwa na majaji watatu, na kwa miaka saba Wright aliandika hukumu zaidi ya 80. Hizo leo zinakumbukwa na wachache. Linalokumbukwa ni shauri moja dogo la mfungwa.

Baada ya uchaguzi wa 1876 jimbo lilikuwa na watu wawili waliojiita gavana, Chamberlain na Hampton. Hampton, aliyeungwa mkono na wazungu waliotaka kurejea madarakani, alimsamehe mfungwa mmoja. Msamaha ukikubaliwa, ndiye gavana. Jaji Mkuu alikuwa mahututi, hivyo mzigo ukawaangukia wawili. Tarehe 27 Februari 1877 Wright alitia saini pamoja na mwenzake, Willard, mfungwa aachiliwe. Siku mbili baadaye akataka kuifuta saini yake. Alikuwa amechelewa: Willard alitoa amri, na mfungwa akafunguliwa.

Kwa hiyo hakupata shukrani upande wowote. Bunge jipya lilimtuhumu kwa ulevi, tuhuma nyepesi kuitoa na nzito kuifuta. Mwaka huohuo akajiuzulu. Alifanya uwakili Charleston hadi kifua kikuu kilipomuua mwaka 1885.

Mtu mweusi wa pili kuketi katika mahakama ile, Ernest Finney, alichaguliwa mwaka 1985.