Wiki Nne za Radiolojia Zianzie Kwenye Fomu

Mjadala unaojaza kurasa za toleo hili unahusu mzunguko wa hiari, yaani kile kipindi cha wiki mbili hadi nne ambacho daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya ndani huruhusiwa kujichagulia idara ya kujifunzia nje ya wodi zake za kawaida. Waandishi wanajiuliza kama kipindi hicho kitumike katika idara ya radiolojia na, kama ni hivyo, mwanafunzi akifika huko afanye nini. Swali la kwanza halistahili wino mwingi, kwa kuwa hakuna bingwa wa magonjwa ya ndani anayemaliza raundi ya asubuhi bila kuegemea picha ya kifua, ultrasaundi ya tumbo au sitiskani ya kichwa, na anayedai kwamba ripoti iliyochapwa inamtosha bila shaka hajawahi kuisubiri usiku wa Ijumaa. Swali la pili ndilo lililowagawa waandishi, na kwa maoni ya mhariri limejibiwa vibaya hata na baadhi ya wale waliolishikia bango.

Jibu lililozoeleka ni kwamba mwanafunzi aketi nyuma ya mtaalamu wa radiolojia, atazame picha zikipita kwenye skrini, asikilize ripoti zikisomwa, na baada ya wiki nne jicho lake litakuwa limezoea. Mtindo huo umenakiliwa kwa kiasi kikubwa kutoka Marekani, ambako mafunzo ya ubingwa huu huchukua miezi 36, na ambako kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinataka angalau miezi 6 kati ya hiyo ipangwe kulingana na mahitaji na malengo ya mwanafunzi mwenyewe. Katika hospitali kubwa za huko idara moja huwa na mtaalamu wa picha za kifua, mwingine wa ubongo na mwingine wa tumbo, kila mmoja akiwa na nafasi ya kufundisha. Na hata huko mzunguko wa radiolojia una sifa ya kuwa likizo iliyopewa jina la heshima, jambo ambalo wapangaji wake wanalifahamu vizuri kuliko wanavyokiri. Kuuleta mtindo huo katika hospitali za kufundishia za Afrika Mashariki, ambako wataalamu wachache husoma picha za wodi zote, za kliniki na za mapokezi ya dharura, ni kumwongezea mtaalamu mzigo nyuma ya kiti chake na kumpa mwanafunzi ruhusa ya kusinzia gizani.

Msimamo wa mhariri ni kwamba mzunguko huu upangwe kuanzia kwenye fomu ya kuomba kipimo, ile karatasi au ule ukurasa wa kompyuta ambao daktari wa wodi huujaza kabla mgonjwa hajapelekwa kupigwa picha. Fomu ndiyo hatua pekee ya radiolojia ambayo bingwa wa magonjwa ya ndani ataifanya kwa mkono wake kila siku hadi atakapostaafu, na ndiyo hatua ambayo hakuna anayemfundisha. Fomu nyingi zinazofika idarani zina jina, umri, neno moja kama vile “kikohozi”, na kipimo kinachotakiwa; hazisemi kikohozi ni cha siku tatu au cha miezi mitatu, hazitaji kama mgonjwa ana virusi vya UKIMWI, na hazisemi daktari ataamua nini baada ya kupata jibu. Anayeandika hivyo anamgeuza mtaalamu wa radiolojia kuwa mpiga ramli, na ripoti inaporudi ikisema kwamba yawezekana ni kifua kikuu, nimonia au saratani, ilinganishwe na dalili za mgonjwa, wodi nzima hulalamika kwamba radiolojia haisaidii. Ripoti ya namna hiyo haina kosa, kwa sababu mwandishi wake hakuulizwa swali.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha gharama yake. Mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI, ambaye chembe zake za CD4 zimeshuka chini ya 100, analazwa akiwa na homa, degedege na udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja, na fomu yake inaandikwa “sitiskani ya kichwa, degedege”. Mteknolojia wa mionzi, ambaye ndiye anayeendesha mashine na ambaye hajui zaidi ya maneno hayo, anapiga picha ya kawaida isiyo na kontrasti, yaani bila ile dawa yenye ayodini inayochomwa mshipani ili mishipa ya damu na tishu zilizoathirika zing’ae, kama anavyofanya kwa mgonjwa wa kiharusi, ambaye kwake swali la haraka ni kama kuna damu iliyovuja, na damu hiyo huonekana nyeupe bila msaada wa dawa yoyote. Lakini kwa mgonjwa huyu ugonjwa wa kushukiwa kwanza ni toksoplazma ya ubongo, ambayo kwa kawaida hujionyesha kama vidonda vyenye ukingo unaong’aa mithili ya pete baada ya kontrasti kuingia; bila kontrasti kinachoonekana aghalabu ni uvimbe tu, ambao ungeweza kusababishwa na mengi. Kesho yake mgonjwa anarudishwa kwenye mashine, ndugu zake wanatafuta fedha mara ya pili, na kichwa chake kinapata mionzi mara ya pili. Mstari mmoja zaidi kwenye fomu, unaotaja CD4, homa, udhaifu wa upande mmoja na kreatinini ya asubuhi hiyo, ungeyaepusha yote hayo.

Kreatinini imetajwa kwa makusudi, kwa kuwa ni kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja, na hofu ya kontrasti ni eneo ambalo madaktari wa magonjwa ya ndani wameendelea kurudia waliyoyasikia kwa waliowatangulia. Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani na taasisi ya figo ya nchi hiyo walitoa tamko la pamoja lililoeleza kwamba hatari ya kontrasti ya mshipani kwa figo ilikuwa imekuzwa kupita kiasi, na kwamba tahadhari ielekezwe hasa kwa wagonjwa wenye figo zilizoumia ghafla na kwa wale ambao uchujaji wa figo zao uko chini ya mililita 30 kwa dakika. Hata hivyo bado kuna wodi ambako mgonjwa anayeshukiwa kuwa na donge la damu kwenye mishipa ya mapafu hunyimwa kipimo kitakachookoa maisha yake kwa sababu kreatinini imepanda kidogo tu. Upande wa pili, sitiskani ya tumbo humpa mgonjwa mionzi ya takriban milisiveti 8, ambayo inazidi mionzi ya asili anayoipata binadamu wa kawaida kwa miaka mitatu, na bado huagizwa pale ambapo ultrasaundi isiyo na mionzi yoyote ingejibu swali. Mambo haya mawili, woga usio na msingi na ujasiri usio na msingi, hukutana kwenye fomu moja, na ndipo mwanafunzi anapopaswa kuyashughulikia.

Kwa hiyo wiki ya kwanza isipite kwenye skrini kabisa. Mwanafunzi awe mahali fomu zinapopokelewa, pamoja na mteknolojia wa mionzi, azisome, apige simu wodini pale swali linapokosekana, na aone ni mara ngapi simu hiyo inabadilisha kipimo chenyewe. (Kwamba mwalimu wa siku hizo atakuwa mteknolojia badala ya daktari ni jambo litakalowaudhi baadhi ya wakuu wa idara, nao wavumilie.) Baada ya hapo ndipo aingie kwenye picha, kwa sharti la kuandika maoni yake kabla ya kuifungua ripoti rasmi, kwa sababu anayesoma ripoti kwanza huona kila kitu kilichotajwa ndani yake na hajifunzi lolote. Kisha airudishe ripoti wodini kwa miguu yake na kusikiliza jinsi inavyotumika, hasa picha ya kifua iliyoandikwa kwamba ni ya kawaida. Mwenzake wa wodini akiitumia kufuta kifua kikuu kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeporomoka, amkumbushe kwamba kwa wagonjwa wa aina hiyo picha safi haifuti ugonjwa.

Kuhusu wakati, waandishi wawili wanataka mzunguko huu uwekwe mwaka wa kwanza na mmoja anataka miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa ubingwa, na wote watatu wamekosea. Wa mwaka wa kwanza bado hajaandika fomu za kutosha kuwa na makosa ya kusahihisha, na wa miezi ya mwisho atakuwa ameficha kitabu cha maswali chini ya meza. Katikati ya mwaka wa pili ndipo panapofaa.

Makala ya ultrasaundi ya kando ya kitanda ndiyo bora katika toleo hili. Mwandishi wake anaegemea mbinu iliyotengenezwa Afrika Kusini na inayojulikana kwa kifupi cha FASH, ambayo humfundisha daktari asiye mtaalamu wa radiolojia kutafuta maji yanayozunguka moyo, mapafu na matumbo, matezi yaliyovimba ndani ya tumbo, na vidonda vidogo vyeusi kwenye bandama, kwa mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu nje ya mapafu. Hili ni swali lililo wazi, lenye majibu machache, na kila jibu lina uamuzi wake. Ni kielelezo cha namna kila fomu inavyopaswa kuandikwa. Mhariri angeongeza tu kwamba mwanafunzi aanze kuishika mashine wiki ya pili, mwongozaji akiwa karibu, na asingoje hadi aitwe mtaalamu.

Makala ya radiolojia ya tiba, ambayo mafunzo yake Muhimbili yameanza kuzaa wataalamu wa kutoa vipande vya tishu na kuweka mirija kwa kuongozwa na picha, inasomeka vizuri na haihitaji utetezi. Makala ya kinga dhidi ya mionzi ni sahihi, ingawa ni ndefu.

Inabaki ile ya akili bandia, ambayo mwandishi wake anadai kwamba mzunguko wote huu utakuwa umepitwa na wakati ndani ya miaka michache. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilipendekeza programu za kompyuta zinazosoma picha za kifua zitumike kuchunguza kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na kwamba mahali pasipo na msomaji programu hizo ni neema. Lakini pendekezo hilo linahusu picha ya aina moja, ugonjwa mmoja, na kazi ya kuchuja nani apimwe makohozi. Programu haijui kwa nini mgonjwa ameletwa, na fomu tupu ikiingia kwayo itatoa jibu la haraka kwa swali lilelile ambalo halikuulizwa.

Mwandishi wa makala ya mwisho anapendekeza mzunguko umalizike kwa mtihani wa maswali ya kuchagua. Pendekezo hilo lina urahisi wa kusahihishwa na mashine, wala halina kingine. Inafaa zaidi mwanafunzi aletewe fomu 10 alizoziandika mwenyewe kabla ya mzunguko kuanza, majina ya wagonjwa yakiwa yamefutwa, aziandike upya mbele ya mtaalamu wa radiolojia na bingwa wa wodi yake, na kwa kila moja aeleze ni kipimo gani angekiacha.