Si Wingi wa Mzigo Tu, Bali na Mahali Pake

Tarehe 16 Desemba 2021 Serikali ya Uingereza ilifuta mtihani maalumu wa kukokota tela zito kwa gari dogo, mtihani ambao uliwalazimu madereva wote waliopata leseni kuanzia mwaka 1997. Tangu siku hiyo, mwenye leseni ya kawaida anaweza kufunga nyuma ya gari lake tela lenye uzito wa hadi kilo 3,500 na kuingia barabarani. Sababu iliyotolewa ilieleweka: nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa madereva wa malori, na Serikali ilitaka watahini waliokuwa wakiwapima wakokota tela wapate nafasi ya kuwapima madereva hao.

Msomaji ana haki ya kuuliza: jambo hilo latuhusu nini sisi? Matela mengi ya kule ni karavani, yaani vijumba vyenye magurudumu ambavyo watu huvikokota wakati wa likizo, wakapika na kulala humo. Sisi hatuna desturi hiyo. Lakini kanuni inayoiangusha karavani katika barabara za Uingereza ndiyo hiyo hiyo inayoliangusha tela la miwa, la pamba, la mkonge au la matofali katika barabara zetu. Serikali yaweza kufuta mtihani kwa kalamu. Kanuni ya uzito haifutiki kwa kalamu, na mwenye kuidharau hulipa, aghalabu pamoja na watu wasiokuwa na hatia.

Tuanze na chombo tunachokijua sote. Kijana avutaye mkokoteni sokoni hahitaji kufundishwa kanuni hiyo, kwa maana ameisoma kwa mabega yake. Magunia yakirundikwa mbele mno, mikono ya mkokoteni humwelemea na mgongo humuuma. Yakirundikwa nyuma, mikono hupanda juu, miguu yake hukosa kukanyaga vizuri, na penye mteremko mkokoteni humpeleka utakako wenyewe. Basi huyapanga magunia mazito karibu na ekseli, na huacha uzito kidogo tu uegemee mbele, kiasi cha kumwezesha kuutawala mkokoteni wake. Gari linalokokota tela la ekseli moja ni yule kijana, na kiungio cha tela ndiyo ile mikono.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue tela ambalo kiungio chake kipo mita 3 mbele ya ekseli, na kiungio hicho kinalielemea gari kwa kilo 60. Tukipakia gunia la kilo 100 juu ya ekseli yenyewe, kiungio kitabaki na kilo zake 60. Tukilisogeza gunia lile lile mita moja na nusu nyuma ya ekseli, litakiinua kiungio kwa kilo 50, na zitabaki kilo 10 tu. Tukiongeza gunia la pili la uzito huo mahali pale pale, kiungio hakitalielemea gari tena, bali kitaanza kulinyanyua kwa nyuma kwa kilo 40. Magunia yale mawili yangekaa juu ya ekseli, jumla ya uzito ingekuwa ile ile, na mizani ya barabarani isingeona tofauti yoyote. Tofauti ingeonekana kwenye kona au mteremkoni, wakati ambapo hakuna tena nafasi ya kupanga upya.

Wakokota karavani wa Uingereza hushauriwa kwamba uzito unaoegemea kiungio uwe baina ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa karavani pamoja na shehena yake. Karavani ya kilo 1,400, kwa mfano, huhitaji kilo 70 hadi 98, mradi tu zisizidi kiwango alichokiweka mtengenezaji wa gari. Uzito ukipungua hapo, tela huanza kupiga mkia. Ukizidi mno, huikandamiza nyuma ya gari na kuyapunguzia uzito magurudumu ya mbele, na dereva huona usukani umekuwa mwepesi na gari halitii. Kiwango cha tela la shamba ni kingine, nacho hutajwa na mtengenezaji wake. Lakini swali la kuuliza ni lile lile.

Fauka ya hayo, haitoshi kiungio kuwa na uzito unaostahili. Mtu anaweza kuweka mzigo mzito mwanzo wa tela na mwingine mzito mwisho wake, hesabu ya kiungio ikatoka sawasawa, na bado tela likawa la hatari. Mizigo iliyo mbali na ekseli, likishaanza kuyumba, hulifanya liwe gumu kutulizwa. Manahodha wetu wa pwani waliyajua haya kabla ya kuwapo magari. Farumi huwekwa chini ngamani, na shehena nzito haitupwi ovyo tezi wala omo, ili jahazi lisipigwe na kila wimbi. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi na mzigo wa tela marejeo yake ni kwenye ekseli: mzito chini na katikati, mwepesi juu na pembeni, na wote ufungwe kamba usihame njiani.

Jambo la tatu ni mwendo, nalo ndilo linalowahadaa wengi. Tela lililopakiwa vibaya laweza kwenda kwa utulivu kabisa katika mwendo mdogo. Likisukumwa kidogo na upepo, au na lori linalolipita, huyumba mara mbili tatu kisha hutulia, kwa sababu matairi yana nguvu ya kulirudisha. Kadiri mwendo unavyoongezeka, nguvu hiyo ya kutuliza hupungua, mpaka kufikia kiwango ambacho kila myumbo huzaa myumbo mkubwa kuliko uliotangulia. Hapo tela ndilo linaloliongoza gari. Ubaya wa mpango wa mzigo ni kwamba hukishusha kiwango hicho cha hatari kikawa ndani ya mwendo wa kawaida wa dereva. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walichapisha matokeo ya majaribio ya tela ambalo uzito wake uliweza kuhamishwa kwa makusudi, nao walionyesha kuwa uzito wa kwenye kiungio, mtawanyiko wa mzigo na mahali pa ekseli ndiyo mambo makubwa yanayoamua utulivu katika mwendo wa kasi.

Dereva aliyepatwa na myumbo asikanyage breki kwa nguvu wala asipambane na usukani, maana yote mawili huuzidisha. Aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, ashike usukani uelekee mbele, na auache mwendo upungue. Akishasimama salama, asiseme Mungu amenusuru kisha akaendelea na safari. Ashuke, aupange mzigo upya.

Sasa tutazame kwetu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na shehena yake, pamoja na kiwango cha kila kundi la ekseli. Ni sheria njema, nayo imelenga kuzilinda barabara zilizojengwa kwa fedha za wananchi. Lakini inawahusu wenye magari ya tani 3.5 na kuendelea. Gari dogo lenye tela la mbao, au trekta litokalo shambani kwenda kwenye ghala la chama cha ushirika, aghalabu halifiki kwenye mizani yoyote. Anayelikagua ni yule yule aliyelipakia, tena kwa macho.

Hapa ndipo penye roho za watu. Trekta haliendi kasi kama gari, lakini lina hatari zake. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya tela, magurudumu makubwa ya trekta hunyanyuliwa na kukosa kuishika ardhi. Mlimani huteleza; mteremkoni tela lisilo na breki hulisukuma trekta na kulipindua. Na juu ya mzigo huo mara nyingi huketi vibarua, wanawake kwa wanaume, wakirejea kutoka kazini. Tela la mzigo si mahali pa abiria. Zaidi ya hayo, watu kumi waliokaa ukingoni mwa nyuma ni zaidi ya nusu tani iliyowekwa mahali pabaya kuliko pote. Wanadhani wanabebwa na chombo, kumbe wao wenyewe ndio wanaokiondolea utulivu.

Kila ajali ya namna hii inapotokea, neno la kwanza kusikika ni uzembe wa dereva. Hatuwatetei madereva wazembe. Lakini insafu yatutaka tuulize: ni nani aliyelipakia tela hilo? Mpakizi hulipwa kwa idadi ya magunia, hivyo huyatupa palipo karibu na mkono wake, napo ni nyuma, kwenye mlango. Mwenye mali anataka safari moja badala ya mbili. Fundi aliyeliunda tela alipachika ekseli pale palipomrahisishia kazi. Dereva hukabidhiwa chombo kilichokwisha kufungwa, na akikataa kukiendesha hutafutwa mwingine. Kumtwika yeye peke yake lawama yote ni kuugawa mzigo wa wajibu vibaya kama ulivyogawanywa mzigo wa tela.

Tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha za kigeni. Kwanza, dereva apewe haki ya kukataa kuondoka mpaka mzigo upangwe, na mwajiri asimwadhibu kwa kukataa huko. Pili, vyama vya ushirika na mashamba makubwa viwafundishe wapakizi wao kabla ya msimu wa mavuno. Somo hili ni la saa moja, na mkokoteni mmoja unatosha kuwa ubao wa kufundishia. Tatu, kila tela lichorwe alama ya rangi ubavuni palipo ekseli yake, ili mpakizi ajue aanzie wapi. Nne, mafundi wanaounda matela wakaguliwe, kwani ekseli iliyopachikwa mahali pasipofaa haiponywi na upakizi wowote. Tano, viongozi wa vijiji wasimame imara juu ya suala la kubeba watu juu ya mizigo, na waajiri wawatafutie vibarua usafiri wa kibinadamu.

Uingereza iliufuta mtihani wake kwa kuwa ilipungukiwa na madereva, na badala yake ikawahimiza wananchi wapate mafunzo kwa hiari. Kama uamuzi huo ulikuwa wa busara, watalijibu wao. Sisi hatuna mtihani wa kufuta katika jambo hili la matela ya shambani. Tuna elimu ya kuanzisha. Swali tulilozoea kuuliza ni, "Umepakia kiasi gani?" Tuongeze la pili, tena kabla injini haijawashwa: "Umepakia wapi?"