Vakansi ni ya wote, hata ya yule anayebeba mtoto mgongoni



Baridi ya asubuhi imeshika Lubumbashi, vumbi limeanza kupanda kwenye avenyi zetu, na watoto wanahesabu siku. Mwanzo wa mwezi wa saba masomo yanafunga, na milango itafunguliwa tena mwanzo wa mwezi wa tisa. Ni miezi miwili. Kila mwaka wakati huu mnaniuliza: Mwalimu, tutafanya nini na hawa watoto? Nitajibu, lakini kwanza niwaambie kosa langu la mwaka jana.

Wamama wa kikundi chetu walinipa kazi ya kutengeneza siku ya watoto: kuchora, kufinyanga, kuimba, kucheza. Nilipanga kama mwalimu anavyopanga somo. Niliandika saa, vifaa na zamu. Kwenye karatasi nikaweka: saa tatu ya asubuhi, kila mtoto aje. Walikuja watoto 34. Nilifurahi, mpaka nilipohesabu vizuri. Wavulana walijaa lupango mzima na motokari zao za nyaya. Wasichana wadogo walikuwapo. Lakini wasichana wa miaka 10 na zaidi walikuwa 3 tu.

Nilijiambia kwamba labda hawapendi mambo haya. Kesho yake nikamkuta kwenye mstari wa maji msichana mmoja wa darasa langu. Namjua: pembeni ya hesabu zake daftari lote limejaa ndege na maua. Alikuwa na mtoto mgongoni na mabidoni mawili mbele yake. Nikamuuliza, "Mbona jana hukuja?" Akaangalia chini. "Mwalimu, ile saa mama yuko sokoni. Mtoto ningemwachia nani?"

Jioni nikaenda kwao, na nakubali kwamba nilienda na hasira kidogo. Mama yake alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole: "Mwalimu, nisipotandika nyanya zangu mapema, usiku hakuna bukari. Huyu binti ndiye mkono wangu. Sikumkataza kuja. Ungeniuliza saa, ningekuambia."

Neno hilo nililala nalo. Kwenye chuo cha ualimu tulifundishwa kutayarisha somo kwa kumfikiria mtoto: umri wake, akili yake, lugha yake. Mimi nilikuwa nimemfikiria mtoto asiye na kazi nyumbani. Na katika kartie yetu mtoto wa namna hiyo mara nyingi ni mvulana.

Kwa hiyo mwaka huu naomba vikundi vyetu vibadilishe mambo matatu kabla ya kununua hata kalamu moja.

La kwanza, saa. Ulizeni kwanza wamama wanaouza, kisha ndipo muandike karatasi. Kwetu wamejibu: saa nane ya mchana, siku ya soko dogo. La pili, watoto wachanga. Msichana aje na mtoto wake mgongoni. Tutatandika mikeka kivulini, na wamama wawili watakaa nao kwa zamu mpaka mwisho. La tatu, maji. Siku hiyo kaka zake ndio watachota. Najua wengine watacheka, lakini mikono ya mvulana inayoweza kukunja nyaya kutengeneza motokari inaweza pia kushika bidoni.

Sasa tuje kwenye yale ya kufanya. Hayahitaji pesa nyingi.

Rangi tunazo. Kipande cha makala kinatoa nyeusi nzuri. Udongo wetu mwekundu, ukipondwa, ukachujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, unashika kwenye katoni. Pemba inatoa nyeupe. Majani ya sombe yakisagwa yanatoa kijani. Kwa kufinyanga, udongo wa kichuguu unafaa, ule ule ambao watu wanafyatulia matofali. Burashi ni kijiti kilichotafunwa ncha, au kidole.

Msidharau kidole. Waambieni watoto historia ya mji wao. Mwaka 1946, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Vijana waliofanya kazi pale hawakuambiwa waige picha za Ulaya. Kila mmoja aliachwa atafute mkono wake mwenyewe. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na wanyama. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake mistari mifupi mifupi iliyopangwa pamoja. Bela alichora kwa ncha za vidole. Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini picha za wale vijana zimefika mbali sana duniani. Mtoto wa Katuba au Kenya akisikia hayo, ataangalia vidole vyake kwa jicho lingine.

Siku ya pili iwe ya matembezi. Makumbusho ya Taifa yako hapa hapa mjini, na wengi wetu tunapita tu nje. Ndani kuna vitu vya wazee wetu: vyungu, vinyago, vyombo vya kazi, na ile misalaba midogo ya shaba ambayo zamani ilikuwa pesa ya Katanga na iliingia hata katika mahari. Kwenye makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa historia waliikuta misalaba hiyo imezikwa pamoja na wenyewe. Mtoto anayesikia kila siku habari za shaba na malori ya madini, mwonyesheni kwamba wazee wake waliyeyusha shaba kabla kampuni yoyote haijafika.

Kwa nauli na kiingilio, kikundi kimoja kimeanza likelemba ya watoto: kila mama anaweka franka 500 kwa wiki. Kwa wiki 8 ni franka 4000 kwa kila mama. Ulizeni bei ya kuingia mapema, na muombe mtu wa kuwaongoza.

Wale wanaokaa pembeni ya mji, ambako miti bado imebaki, wana zawadi nyingine. Mwisho wa mwezi wa nane, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo inaanza kutoa majani mapya, mengine mekundu kama shaba. Nendeni na watoto wakaangalie. Waulizeni: mti umepata wapi maji ya kutoa majani kwenye ukame huu? Waacheni wafikiri kabla ya kuwaambia habari za mizizi. Halafu waulizeni jambo la pili: gunia la makala tunalopikia limetoka mti gani, na kwa nini kila mwaka mwenye kinga analileta kutoka mbali zaidi? Simaanishi kuwahukumu. Sisi wote tunapika kwa makala. Lakini mtoto aliyeuona mti ukiwa hai ataelewa gunia lina nini ndani.

Neno moja la kuwalinda. Msichukue udongo wala maji karibu na viwanda vya madini, machimbo, au mto unaopita chini yake. Mwaka 2009 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wanaokaa karibu na kazi za madini walikutwa na madini mengi mwilini, hasa kobalti, na watoto walizidi wakubwa. Udongo utoke kwenye lupango mnaoujua. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya mikate na munkoyo. Na anayefinyanga asipeleke vidole mdomoni, hata kama ni mdogo na analia.

Siku ya tatu tunayo tayari kwenye kalenda: tarehe 1 mwezi wa nane, sikukuu ya wazazi. Asubuhi tunaenda makaburini kung'oa majani na kusafisha walipolala wetu. Mchana ni zamu ya wazazi walio hai. Mara nyingi siku hiyo ni wamama tena wanaopika, wanaotumikia na wanaoosha sahani, halafu wanaambiwa heri ya sikukuu. Mwaka huu tugeuze. Watoto wapike chakula chepesi, wakubwa wakisimamia moto. Watoto watumikie. Na zile picha na vyungu vyao tuvipange ukutani na kwenye mikeka ndani ya lupango, kila mtoto asimame mbele ya kazi yake amwelezee mzazi wake amefanya nini. Mtoto asiye na mzazi amwelezee bibi, shangazi au jirani anayemlea. Asibaki hata mmoja asiye na mtu wa kumsikiliza.

Kama mwalimu nawaambia: nusu saa ile ya kueleza ina faida kubwa. Mtoto anayenyamaza darasani, ukimuuliza habari za ndege aliyemchora mwenyewe, anaongea. Na mama anayesikia anamjua mtoto wake upya.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mama wa nyanya. Safari hii nilianza kwa kuuliza. Alisema saa nane itafaa, atafunga meza mapema siku hiyo. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei: "Na wakubwa hawakatazwi kuchora?"

Hawakatazwi, mama. Njoo.

Vikundi vinavyotaka kupanga siku yao, leteni siku na saa mliyokubaliana kwenye mkutano wa Jumamosi, tusigongane. Leteni pia majina ya wamama wawili wa mikeka. Bila hao wawili, msiandike karatasi.

Nawasalimu nyote nyumbani.

Mwalimu wenu